Vile nilirudia zile komiki nne za Titans na mpwa wangu mwenye chuma mguuni

Mwezi wa pili mpwa wangu aligongwa na boda hapa Entebbe, Uganda, akitoka shule, mfupa wa ugoko ukavunjika mahali pawili, na kwa sababu mama yake, dada yangu, yuko Dubai kikazi, mimi ndio niliitwa hospitali na mimi ndio nilisaini karatasi ya kuwekewa vyuma. Daktari alinieleza vizuri kwamba plasta peke yake haitashika, nikauliza maswali mawili nikasaini. Kijana ana miaka 12. Alipoamka akaambiwa kuna chuma na skurubu sita ndani ya mguu wake alinigeukia akasema, "Mjomba, mbona ulikubali?" alafu akanyamaza, na huko kunyamaza kukaendelea wiki tatu, salamu anaitikia, chakula anakula, asante anasema, basi.

Sisi tumelelewa kwenye kota za jeshi Jinja, mzee wetu alikua mwanajeshi, Kiswahili ndio lugha ya nyumbani lakini mambo ya moyoni hayakua yanaongelewa kwa lugha yoyote. Kwa hiyo sikua na maneno ya kumwambia. Nilichokumbuka ni komiki.

Niliipata nikiwa na miaka 13 pale soko la Owino, Kampala, kwenye rundo la vitabu vya mtumba, haina jalada, kurasa za mwisho zimeshalowa maji. Tales of the New Teen Titans namba 1, ya mwaka 1982, imeandikwa na Marv Wolfman na kuchorwa na George Pérez. Kwa wasioijua: hao wawili walikua wameanza kitabu kikubwa cha The New Teen Titans mwaka 1980, ni kundi la vijana mashujaa wanaopigana na maadui, na humo mastelingi waliojulikana tayari walikua Robin, Kid Flash na Wonder Girl. Wale wengine wasomaji walikua hawajawazoea. Sasa mwaka 1982 wakatoa huu mfululizo wa pembeni, namba 4 tu, kila namba ni ya mmoja: Cyborg, Raven, Changeling (watoto wa leo wanamjua kama Beast Boy) na Starfire. Hawa vijana wanaenda kupiga kambi kule Grand Canyon, Marekani, wanawasha moto, na kila mmoja anasimulia ametoka wapi. Nilipokua mdogo niliikasirikia hiyo namba 1 kwa sababu Robin haonekani vya kutosha, nilitaka stelingi, nikaona nimepewa hadithi ya mtu wa pembeni.

Kuipata tena, nilijaribu kwanza kwenye simu, haifai. Pérez anajaza ukurasa, vijisanduku vingi, watu wengi, kila jengo na madirisha yake, kwenye kioo kidogo unavuta unavuta mpaka unapotea hujui nani anaongea. Mwishowe binamu yangu wa Nairobi akanipatia kile kitabu walichokusanya zote nne pamoja, akakituma na basi likavuka nacho Busia, nikaenda kukichukua Kampala jioni ya Ijumaa.

Usiku wa kwanza nilikosea. Nilimkalisha mezani chini ya taa, nikaanza na namba 1 ya Cyborg, na kabla sijamaliza ukurasa wa pili nikaanza kumweleza, unaona huyu kijana naye aliwekewa chuma kama wewe. Alifunga macho tu. Nikakifunga kitabu na sikukigusa siku tatu, kama una mtoto aliyekasirika usimwambie hadithi ni ya nani, aitafute mwenyewe.

Siku ya nne umeme ukakatika, tukatoka barazani na sigiri, nikaweka mahindi, yeye mguu wake uko juu ya stuli na magongo yameegemea ukuta. Sikusema kitu. Nikawasha tochi nikaanza kusoma kwa sauti, namtafsiria Kiingereza palepale kwa Kiswahili, na safari hii nikaanza na namba 3, Changeling, maana huyo anamjua kwenye katuni za Teen Titans Go! na anampenda. Ikasaidia sana kwamba na wale kwenye kitabu wamekaa kwenye moto kama sisi.

Hadithi ya Changeling inaanzia Afrika. Wazazi wake, kina Logan, ni wanasayansi, wako nchi ya kubuni inaitwa Upper Lamumba, mtoto anang'atwa na tumbili wa kijani anapata ugonjwa wa kubuni pia, Sakutia, baba yake anamtibu kwa mashine ambayo haijajaribiwa kwa mtu, anapona lakini anageuka rangi ya kijani na anaweza kujibadilisha kuwa mnyama yeyote. Mpwa wangu akafungua mdomo kwa mara ya kwanza: "Mjomba, ni hawa wa kwetu?" Maana hapa Entebbe tumbili wako kila mahali, wanaingia jikoni wanabeba ndizi, na asubuhi hiyo hiyo mmoja alikua juu ya bati letu. Nikamwambia ni jamaa zao. Alafu nikamwambia jambo la kweli, kwamba mwaka 1947, kwenye msitu wa Zika hapo tu njia ya Kampala, watafiti walikua wamemweka kima kwenye kizimba juu ya mti wakitafuta homa ya manjano, wakapata kirusi kingine kipya kabisa, na ndio hicho dunia nzima inakiita Zika. Akauliza huyo kima aligeuka kijani? Tukaongea mpaka mahindi yakaisha.

Tangu hapo ikawa kila jioni, umeme uwepo usiwepo. Starfire ilikua ya pili. Huyo ni binti wa mfalme wa sayari ya Tamaran, dada yake anawasaliti, na baba yao anamtoa Starfire kwa maadui awe mtumwa ili vita viishe. Mpwa wangu akauliza mara mbili kama baba alimtoa kwa hiari yake. Asubuhi yake akaomba simu ampigie mama, wakaongea muda mrefu, mimi nikatoka nje nikawaacha. Raven sikuifurahia sana kuisoma kwa sauti, ina maneno mengi mno, Azarath hivi, Trigon vile, na kuna sehemu ya jinsi huyo Trigon, pepo ambaye ndio baba yake Raven, alivyompata mama yake ambayo niliiruka, si ya mtoto wa miaka 12.

Cyborg tukaibakisha mwisho, na yeye ndio aliitaka. Victor Stone wazazi wake wote ni wanasayansi, tangu mdogo wanamfanyia majaribio ya kumuongezea akili, yeye anataka michezo, anataka marafiki wa mtaani. Siku moja mama yake yuko kwenye mashine ya kufungua njia ya ulimwengu mwingine, linatoka dubwana, linamuua mama, linamrarua Victor. Baba yake, Silas, anamjenga upya kwa vyuma. Victor anaamka anajiona, anamwambia baba yake bora angemwacha afe. Baadaye rafiki yake wa zamani, Ron, anataka kulipua jengo la Umoja wa Mataifa na Victor anamzuia, hapo mpwa wangu alikua amekaa wima kabisa ameushika ukurasa.

Mimi nilipokua na miaka 13 nilikua upande wa Victor bila swali, baba ni mbaya, amemharibu mtoto. Sasa nina 38 na nikisoma ile sehemu nilimwona Silas. Mke wake ndio kwanza amekufa, yuko chini hapo hapo, mtoto anapoteza damu, na kitu pekee alichonacho ni vile vyuma alivyokua anavitengeneza kazini kwake. Hakuna wa kumuuliza. Anachagua, na anajua mtoto akiamka atamchukia, lakini atakua ameamka. Sauti ilinikwama nikashindwa kuendelea, nikajifanya nageuza mahindi. Hii sehemu ilikuwepo siku zote kwenye karatasi zile zilizolowa na mimi sikuwahi kuiona.

Mpwa wangu akasubiri, alafu akauliza, "Alikuja kumsamehe baba yake?" Nikamwambia ndio, kwenye kile kitabu kikubwa, walipatana kabla mzee hajafa. Akakaa kimya kidogo. "Mjomba, hilo linaungua," akaonyesha hindi. Akalichukua mwenyewe, akalivunja katikati, akanipa kipande kikubwa.

Magongo ameyaacha wiki iliyopita. Kitabu kiko kwake, sasa ana shida nyingine nacho, anataka kujua habari za yule mfalme wa Lamumba. Maana wazazi wa Changeling walikufa ajali ya mtoni na mfalme wa huko ndio alimchukua akamlea, alafu hadithi inaendelea na yeye haisemwi tena ametoka wapi, alikua na watoto, alimlilia yule mtoto alipoondoka au vipi. "Yake ni namba ngapi?" Nikamwambia hakuna. Ilimuuma kweli, na aliniumiza na mimi, kwa sababu nimeisoma hadithi hiyo mara ngapi na sikuwahi kuuliza. Basi akachukua daftari la shule akaanza kuichora yeye, namba 5. Yuko ukurasa wa nne. Mfalme anaongea Kiswahili, ana makovu mguuni, na jana alikuja kuniuliza mfalme anaendesha nini, nikamwambia aamue mwenyewe ye ndio mwandishi. Amemchorea pikipiki, Bajaj Boxer nyekundu, na nyuma amembeba mtoto wa kijani, wote wawili wamevaa helmeti.