Bafta ya Mama

Wete, Pemba, Jumapili usiku

Leo nilitoka nyumbani na furushi la mama kwapani. Miaka sita limekaa ndani ya kasha, chini ya kanga zake, na kila nilipofungua kasha kwa haja nyengine nililisukuma pembeni nikafunika haraka. Leo nimelibeba mpaka ukumbini kwa jirani, nikalifungua mbele ya wanawake kumi na mmoja wa mkusanyiko wetu wa kuzungumza mauti.

Ndani mna bafta nyeupe ya sanda, vipande vitano vilivyokwisha katwa: shuka ya kiunoni, kanzu, ukaya wa kichwani, na shuka mbili za kumzingia mtu mzima. Mna pamba, karafuu maiti katika kikaratasi, na kipande cha udi. Alinunua mwenyewe kwa fedha ya karafuu za vuli, akakata, akakunja, sisi watoto wake hatuna habari. Tukaja tukamzika kwa bafta nyengine, aliyoikimbilia kaka yangu dukani asubuhi ile, akamgongea mwenye duka mlango hata hajafungua.

Hatukujua kwa sababu nilikataa kuambiwa.

Ilikuwa wiki ya mwisho aliyoweza kukaa bila ya kuegemezwa. Akaniita, “Mwanangu, kaa kitako nikwambie vitu vyangu.” Nikamjibu, “Mama, usijichulie, usijiitie mauti. Utapona, inshaallah.” Nikamtengenezea mto, nikamsogezea uji, nikatoka. Siku mbili baadaye akaniita tena, usiku, na mie nikamjibu maneno yale yale. Mara ya tatu hakuniita.

Nilidhani ninampa moyo. Kule ng'ambo alikotibiwa, daktari alimvuta kaka yangu pembeni akamwambia maradhi yameshaenea. Kaka akaniambia mie, tukakubaliana mama asijue. Naye alikuwa akijua kabla ya daktari, kabla yetu sote. Alikuwa na mambo ya kusema na hakuwa na mtu wa kumwambia, kwa kuwa watu wake wote walikuwa wakimfichia siri yake mwenyewe.

Furushi tulilikuta baada ya hitima, tulipokuwa tukigawa nguo zake. Katikati ya bafta palikuwa na kitambaa kilichofungwa fundo, na ndani yake bangili mbili za dhahabu. Si zake; zake tulikuwa tukizijua. Basi ni amana ya mtu. Ya nani? Siku ya maziko kaka alisimama akasema, kama inavyosemwa kila maziko, anayemdai marehemu au aliyeweka kitu kwake aje kwetu. Hakuja mtu. Tukauliza majirani, tukauliza wenzake wa mchezo wa kuchangiana fedha, kimya. Bangili zikalala kwangu mwaka mzima, na mie usingizi wangu ulikuwa haba, maana deni la marehemu si jambo la kuchezea, na amana ni zaidi ya deni.

Mwenyewe alijitokeza mwaka wa pili. Mama wa mtaa wa pili tu, ambaye tulikuwa tukisalimiana kila siku. Alizificha kwa mama wakati nyumbani kwake kulipokuwa na ugomvi. Nilipomuuliza kwa nini hakuja siku zile, alisema, “Niliona haya kuwadai wafiwa.” Yeye aliona haya, mie niliogopa kusikia, na mama katikati alikuwa na neno moja tu la kusema, lingemaliza yote.

Hapo ndipo ulipoanza mkusanyiko wetu huu, ingawa wakati ule sikujua kama ni mwanzo wa kitu. Nilimsimulia shangazi yangu kisa cha bangili. Shangazi ni mwosha maiti. Ameosha wanawake wa hapa tangu mie msichana. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba katika nyumba zote anazoitwa, hakumbuki hata tano ambazo watu wake walijua marehemu alitaka nini. “Naulizwa mie, mgeni: unadhani angependa aoshwe na nani? Mie nijuaje?”

Tukaanza sisi wawili na jirani. Sasa ni mara moja kwa mwezi, baada ya sala ya alasiri. Mwenye ukumbi hupika chai ya mchaichai, mwengine huja na mkate wa ufuta. Watoto hutumwa wakacheze. Hakuna anayehutubia. Anayetaka kusema husema, asiyetaka hula mkate wake akasikiliza, na kinachosemwa hapo hakitoki nje. Ninayoyaandika hapa ya wenzangu nimewaomba ruhusa.

Baadaye ndipo niliposoma kwamba wenzetu wa mbali wanalo jambo la namna hii. Mswisi mmoja, mwanasosholojia Bernard Crettaz, aliwakusanya watu Neuchâtel mwaka 2004 wazungumze juu ya mauti, akauita mkusanyiko ule mkahawa wa mauti. Jon Underwood wa London akasoma habari zake, na Septemba 2011 akafanya wa kwanza nyumbani kwake Hackney, kwa msaada wa mama yake. Chai, keki, na mazungumzo yasiyo na ajenda wala mtu wa kuwaongoza watu kwenye jibu. Kutoka hapo ukaenea nchi nyingi. Underwood mwenyewe alifariki ghafla Juni 2017, ana miaka 44. Niliposoma hayo nilimwombea mama yake subira, kwani yeye ndiye aliyemsaidia kufungua mlango ule.

Lakini nilifikiri pia: haja yao na yetu si moja. Wanasema kwao kifo kimeondoka majumbani kikaenda hospitali, mtu anaweza kuzeeka hajamwona maiti. Sisi kifo hatukifichi. Redio inataja jina la marehemu, na watoto wake walioko Unguja, Tanga na Maskati, habari ziwafikie, na saa ya maziko. Mtoto wa miaka minane wa hapa anajua mwanandani, pale maiti anapolazwa ndani ya kaburi, huchimbwa upande gani, na viunza, mbao za kumfunikia, hupangwa vipi, kwa sababu amekwenda na baba yake akaona. Tunakaa kwenye jamvi siku tatu, tunasoma, tunapika, tunatoa ubani. Tumejaa maneno ya kusema mtu akishakufa. Maneno ya kumwambia naye yu hai, anatutazama, ndiyo tuliyoyakosa. Tunayo moja tu, “usijichulie”, na kazi yake ni kumnyamazisha.

Nimelifikiria sana neno hili. Linatoka kwenye mapenzi, sikatai. Tunaogopa ulimi usije ukaumba. Lakini ukimwambia hivyo mgonjwa ambaye mwili wake umeshampa habari, unamwacha peke yake nayo.

Septemba 2011. Mwezi ule ule wa chai na keki za Hackney, sisi huku tulikuwa tukilia. Usiku wa kuamkia tarehe 10, meli ya MV Spice Islander I ilizama baina ya Unguja na Pemba, imepakia watu kupita kiasi, wengi wao wakirudi kwao huku. Miili iliyopatikana ilipindukia 200, na idadi ya wasioonekana ilikuwa kubwa zaidi. Serikali ilitangaza siku tatu za maombolezo. Nyumba ngapi hapa Pemba zilikaa matanga bila ya kuona maiti!

Katika mkusanyiko wetu yumo mama mmoja aliyempoteza mume usiku ule. Miezi mitatu alikuja akakaa kimya. Mwezi wa nne akasema, na tangu aseme sijasahau. Alisema kwamba kwake hakuna aliyetamka neno “kafa”. Walisema “hajaonekana”. Wiki ya kwanza hajaonekana, mwezi wa pili hajaonekana. Akawa hajui avae vipi, ale vipi, akae eda au asikae. Msikitini walishawasalia waliopotea sala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwepo, wanaume wakarudi, na hata shemeji zake hawakumweleza maana yake ni nini kwake yeye. Eda aliianza pale kadhi alipotoa kauli, miezi minne na siku kumi, akihesabu tangu siku ile na si tangu usiku wa meli. “Mie nilikaa eda ya karatasi,” alisema. “Ya mume wangu sijaikaa bado.”

Hakuna aliyemjibu kwa nasaha. Hilo ndilo ninaloshukuru zaidi katika kikao hiki. Kwenye jamvi la msiba angeambiwa “subiri, ndiyo qadari ya Mungu”, na ni kweli, na angenyamaza tena miaka mengine. Jirani yangu alimmiminia chai, shangazi akamshika mkono, tukakaa hivyo mpaka adhana ya magharibi.

Wapo walionong'ona kwamba tunaleta uzushi, wanawake kukaa kuzungumza kufa kama wanaozungumza harusi. Maneno yakamfika maalim wa madrasa. Naye, Mungu amjazi, aliwauliza kama wanaikumbuka hadithi ya Ibn Umar: haimfalii Mwislamu mwenye kitu cha kuusia alale siku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa naye. Akauliza, katika nyinyi mlio hapa, nani ameandika? Nimeambiwa wanaume walitazamana. Siku hizi hutuletea majibu ya masuala yetu ya fiqhi, yaani sheria za dini, kwa karatasi, kupitia kwa mkewe. Kwake ndiko tulikojifunza kwamba wasia haupiti theluthi ya mali, na kwamba mrithi hausiwi bila ya ridhaa ya warithi wenzake. Mmoja wetu alikuwa amekwisha mwahidi binti yake mdogo mikarafuu yake yote. Imembidi arudi nyumbani akae na wanawe wote watano. Walilia, akasema, lakini walilia naye yupo.

Basi leo. Nilipofungua furushi hakuna aliyeshtuka. Waliishika ile bafta, wakaisifu, maana mama alikuwa na jicho la nguo. Si ile nyepesi inayopitisha mwanga. Imeanza kugeuka rangi ya maziwa kwenye mikunjo. Harufu ya karafuu maiti bado imo. Nikawaambia yote, uji na mto na “usijichulie” mara mbili, na jinsi mara ya tatu hakuniita. Sijawahi kuyasema kwa sauti mbele za watu, hata kaka yangu hayajui yote. Nilitetemeka.

Mwenzangu mmoja akauliza nitaifanyia nini. Nilikuwa nimeazimia kumpa shangazi, amvishe maiti yeyote wa nyumba isiyo na uwezo. Ndivyo nilivyotoka nyumbani nikifikiri. Lakini nilipofungua mdomo nikasema, “Ya kwangu. Nataka nivishwe mie.” Na pale pale nikawaambia nataka nioshwe na shangazi, na kama shangazi atakuwa ametangulia, basi na mtoto wake anayejifunza kazi; na binti yangu awepo amwagie maji, asitolewe nje kwa kisingizio kwamba atalia. Alie akimwagia maji. Nizikwe nitakapofia, nisisafirishwe. Deni langu la dukani liko kwenye daftari la kijani.

Binti yangu alikuwa Unguja, nikampigia simu usiku huu. Alisikiliza kimya mpaka nikadhani laini imekatika. Kisha akauliza, “Daftari la kijani liko wapi, mama?” Nikamwambia. Nikamsikia anaandika.

Shangazi, nilipokwisha kusema pale ukumbini, hakusema “usijichulie”. Aliinuka, akanisimamisha, akachukua ile shuka kubwa akaipima toka utosini mpaka chini ya nyayo, kama fundi anayepima nguo ya sikukuu. Akarudia mara ya pili. Akacheka kidogo, machozi yakimtoka.

“Mamako alikuwa mfupi,” akasema. “Hii haitakufika, huku na huku lazima ibaki ya kufungia. Inataka yadi moja zaidi.”

Kesho duka la vitambaa hufunguliwa saa mbili.