Asubuhi ya Hadleigh

"Huenda kilio huja kukaa usiku, lakini asubuhi huwa furaha." (Zaburi 30:5)

Aya hii tunaipenda mno matangani, na nadhani mara nyingine tunamwonea nayo mfiwa. Udongo wa kaburi haujakauka, tayari anaambiwa ajikaze, asubuhi yaja.

Mwaka 1829 mchoraji Mwingereza John Constable alionyesha mjini London picha ya magofu ya ngome ya Hadleigh, kule Essex, karibu na mto Thames unapoingia baharini. Katika jina la picha alitaja hata wakati wenyewe: asubuhi baada ya usiku wa dhoruba. Ngome ile alikuwa ameiona mwaka 1814, akaichora kwa penseli, na habari zake akamwandikia Maria, aliyekuja kuwa mkewe. Mchoro ukakaa miaka. Novemba 1828 Maria akafariki kwa kifua kikuu, akaacha watoto 7, kitinda mimba hata mwaka hajatimiza. Ndipo mgane huyu akaurudia ule mchoro, safari hii kwa rangi na kwenye turubai kubwa.

Itazame. Mnara wa kushoto umepasuka kutoka juu kushuka chini. Ngome ilijengwa karne ya 13 juu ya kilima cha udongo wa mfinyanzi. Ardhi ikateleza, na mawe mengine watu wakayauza. (Mhubiri mwenye haraka angerukia nyumba iliyojengwa mchangani. Leo tumwache.) Rangi imepakwa nzito, kwa mkono usiotulia. Mchungaji wa mifugo anapita karibu na mnara, yeye na mbwa wake. Mwanga umetoboa mawingu, ila umeangukia baharini, mbali. Minara bado ina giza lake.

Asubuhi imefika kweli, lakini haikuja na mafundi wa kuziba ufa. Wala zaburi yenyewe haifichi usiku: aya mbili tu mbele mwimbaji anamwambia Mungu, "Uliuficha uso wako, nami nikafadhaika." Ni zaburi ya shukrani, na neno hilo limo.

Constable aliishi hadi 1837, akilea watoto na kuendelea kuchora.

Tuombe: Bwana, uwakumbuke wajane na wagane wa jumuiya yetu. Utupe subira ya kukaa nao bila kuwaharakisha, na wiki hii utuoneshe mlango wa kubisha. Amina.