Nilivyoacha Kusahihisha Kila Kosa

Nilipopangiwa kwa mara ya kwanza somo la uandishi kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, niliamini kwamba kazi yangu kubwa ingekuwa kusahihisha. Darasa lilikuwa na wanafunzi 58, wengi wao wakiwa na lugha mbili au tatu kabla ya Kiingereza, ambacho ndicho walichotakiwa kuandikia. Nilikusanya insha zao za kwanza, nikazikalia kwa kalamu nyekundu siku tano mfululizo, kila moja ikinichukua kama dakika 25, na hakuna kosa nililoliona nikaliacha lipite. Nilizirudisha nikiwa hoi, lakini nimeridhika.

Wiki iliyofuata mwanafunzi mmoja aliniletea insha yake akiwa ameiandika upya. Nilikuwa nimemwekea alama 47 za makosa, na zote alikuwa amezifanyia kazi. Hata hivyo insha haikuwa inasema lolote. Mada ilikuwa iwapo simu zinadhoofisha kumbukumbu, na aya zake nne zilirudiarudia kwamba teknolojia ina faida na hasara. Nilimuuliza kwa Kiswahili, ambacho sote wawili tunakizungumza, yeye mwenyewe alitaka kusema nini. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, mimi naona simu haitusahaulishi. Namba ambayo hujawahi kujaribu kuishika kichwani, huwezi kusema umeisahau." Hiyo ilikuwa hoja, tena nzuri, na haikuwepo popote kwenye karatasi. Nilipotaka kujua kwa nini hakuiandika, alijibu kwamba hakuwa na uhakika na sarufi ya sentensi kama hiyo, kwa hiyo aliandika zile alizokuwa na uhakika nazo.

Jibu hilo lilinikosesha raha kwa muda mrefu, kwa sababu lilimaanisha kwamba bidii yangu yote ilikuwa inamzoesha mtu mwenye mawazo kuandika yale tu ambayo hayawezi kukosewa.

Katika kutafuta njia nilikutana na mabishano ya wataalamu ambayo sikuwa nayafahamu. Mwaka 1996 John Truscott aliandika kwamba kusahihisha sarufi katika insha za wanaojifunza lugha ya pili hakusaidii, hata kuna madhara, na kwamba mtindo huo uachwe kabisa. Mwaka 1999 Dana Ferris alimjibu kwamba usahihishaji unaochagua makosa na kuyaeleza wazi unaweza kufaa, na kwamba wanafunzi wenyewe wanauhitaji. Moyo wangu ulikuwa upande wa Truscott, lakini niliposhika msimamo wake kwa wiki chache, wanafunzi kadhaa walilalamika kwamba sizisomi kazi zao. Karatasi isiyo na wino mwekundu waliiona kama karatasi iliyopuuzwa, nami sikuwa nimewaeleza ninachofanya.

Nilichofika nacho mwishowe ni hiki. Rasimu ya kwanza siigusi sarufi yake. Pambizoni ninaandika nilichoelewa kama msomaji, mahali nilipopotea, na swali moja au mawili ambayo ningemuuliza mwandishi kama angekuwa ameketi mbele yangu. Kabla ya rasimu hiyo kila mmoja hueleza hoja yake kwa jirani kwa lugha yoyote wanayoelewana, kisha huiandika kwa dakika 10 bila kuinua kalamu. Mwanzoni nilikosea hapa, kwani niliwaruhusu waweke maandishi hayo mbele yao walipoanza Kiingereza, nao wakayatafsiri sentensi kwa sentensi, matokeo yakawa mabaya kuliko awali. Sasa karatasi hiyo hufungiwa mkobani. Hoja hubaki kichwani, na sentensi hutafutwa upya.

Katika rasimu ya pili ndipo ninapoingia kwenye lugha, na hapo huchagua aina mbili tu za makosa kwa kila mwanafunzi. Yule mwanafunzi wa simu, kwa mfano, alikuwa na kosa lililojirudia katika kila insha: kila alipotaka kusema "watu niliozungumza nao", aliihamisha ile "nao" ikatua kwenye Kiingereza kama "them" ("the people I talked to them"), ambako haitakiwi. Katika insha ya kwanza nilikuwa nimeikata mara sita bila maelezo. Safari hii niliandika sentensi ya Kiswahili ubaoni, nikaifuta "nao", nikamwomba aisome. Alicheka, kwa kuwa bila neno hilo sentensi inachechemea. Alikuwa anafuata kanuni, ila ya lugha nyingine. Tuliiingiza kwenye daftari lake la makosa, ambalo hulipitia kabla ya kukabidhi kazi.

Kuna hatari pia ya kuielewa lugha ya mtu kupita kiasi. Mwaka 1966 mtaalamu wa lugha Robert Kaplan alichora michoro iliyodai kwamba kila kundi la lugha lina njia yake ya kujenga hoja, Kiingereza kikienda moja kwa moja na nyingine zikizunguka. Baadaye yeye mwenyewe aliilegeza kauli hiyo, lakini mimi nilikuwa nimeshaimeza. Kijana mmoja aliyekuwa akianza kila insha kwa mbali sana nilimweleza, kwa upole wa kujua mengi, kwamba hiyo ni desturi ya lugha yake. Alinitazama kwa mshangao. Kumbe shuleni alifundishwa kwamba utangulizi lazima uanze na maana ya neno kutoka kwenye kamusi. Tangu siku hiyo huuliza kwanza.

Rasimu zote mbili kwa pamoja hunichukua kama dakika 20 kwa mwanafunzi, chini kidogo ya zile 25 za mwanzo, kwa hiyo siwezi kudai kwamba nimejipunguzia kazi sana. Idara inataka usahihi katika mtihani wa mwisho, na wapo wanaotoka kwangu na hoja imara lakini wakakatwa alama kwa sarufi. Hilo sijalipatia dawa. Katika mtihani wa muhula ule, "nao" ya yule mwanafunzi ilijitokeza mara tatu. Mbili kati ya hizo zilikuwa zimekatwa kwa mstari mmoja, na wino ulikuwa wake.