Pistoni tatu za mzee wa Ol Kalou

Watu wakisikia natengeneza trekta hapa Nairobi huniuliza, "Unalima wapi, Uhuru Park?" Kulima silimi. Injini ndizo huletwa Kariobangi kwa pikapu, zimefungwa kamba kama fahali wa mnada, kwa sababu mashine za kupimia na kuchonga ziko huku, na spea ziko Kirinyaga Road, ambayo sisi bado twaiita Grogan.

Saa kumi na mbili asubuhi: matatu, chai ya kibanda, kufuli.

Saa moja na nusu. Juu ya stendi kuna injini ya Perkins AD3.152, silinda tatu, imetolewa kwa Massey Ferguson 135, zile trekta zilizoanza kutoka kiwanda cha Coventry, Uingereza, miaka ya 1960. Ilikuwa ikila oili na kutoa moshi wa buluu. Laina mpya, zile bomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, zimeshaingizwa kwa presi na kusuguliwa ndani, mistari ikakatana vizuri. Mistari hiyo ndiyo hushika oili. Kijana wangu anaosha bloku, mimi napuliza njia za oili kwa hewa. Kazi ya kimya, naipenda.

Saa tatu pistoni zikafika. Mwenye trekta, mzee wa Ol Kalou, alijinunulia mwenyewe ili nisije nikamwongezea bei. Sina neno. Lakini pistoni za mteja huwa sizifungi kabla ya kuzipima, basi nikazipeleka kwa mama wa nafaka jirani, mwenye mizani ya dijitali. Mbili zikasoma sawasawa. Ya tatu ikazidi kwa gramu 30 na ushei. Kuitazama vizuri, bakuli lililochimbwa kichwani ni la kina kifupi, na nikipima kwa venia, kipimio cha milimita, kutoka tundu la pini hadi juu, ni ndefu kuliko wenzake. Dizeli hurushwa ndani ya bakuli hilo, ndimo inamowakia. Na pistoni ikifika juu kabisa, nafasi iliyobaki chini ya silinda hedi, kifuniko cha juu cha silinda, ni ya milimita moja hivi. Hapo hakuna pa kubahatisha.

Nikampigia.

"Fundi, si pistoni ni pistoni? Wewe ingiza."

"Mzee, hii moja ni ya injini nyingine."

"Boksi imeandikwaje?"

"Boksi iko sawa. Kilichomo ndicho hakiko sawa."

"Fundi wa huku aliwahi kubadilisha ringi peke yake, na ikalima."

Akakata. Akapiga tena kuuliza kama nataka kumla. Akapiga tena kusema mvua za Machi hazimngojei fundi. Mwishowe akanipa ruhusa niende dukani, na nauli iwe juu yangu.

Dukani nilionyeshwa karatasi ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Sikugombana. Nilizipanga zote tatu kwenye kaunta, vichwa juu, nikakaa. Kila mteja aliyeingia aliinama kutazama, akauliza mbona moja haifanani. Muuzaji alivumilia, akavumilia, kisha akaenda stoo. Aliyokuja nayo tulikwenda kuipima mizani ya duka la pili kabla sijaondoka. Chakula cha mchana kikawa ndizi mbili ndani ya matatu, jam imesimama Pangani.

Kurudi gereji jua limeshageuka, mabega yananiuma na bado kazi yenyewe haijaanza. Ringi kwanza, zile pete zinazovishwa pistoni: kila moja naisukuma ndani ya laina kwa pistoni ili ikae sawa, kisha fila geji, bapa nyembamba za kupimia, kwenye mwanya wa ncha zake. Kwa silinda ya milimita 91 hivi nataka kati ya milimita 0.3 na 0.4. Mwanya ukiwa mdogo, ringi ikipata moto ncha hugongana na kukwangua laina. Pistoni naziweka kwenye maji ya moto, na pini inaingia kwa kidole gumba, bila nyundo. Kisha saklipu za kuzuia pini isitoke. Alama ya mbele itazame mbele, namba ya konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krankshafti, ifuate namba ya silinda. Mianya ya ringi naitawanya, oili tele, mkanda wa chuma unabana, halafu mpini wa nyundo: tu, tu, tu, na unasikia ringi zikizama moja moja. Ikigoma nasimama. Anayelazimisha huvunja ringi, na hatajua mpaka injini iwake.

Ya tatu iliingia taa zikiwa zimewashwa. Kijana alizungusha krankshafti kwa spana, ikaenda nzito lakini laini, bila kukwama popote. Nikafunga konrodi kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, nikafunika bloku kwa nailoni.

Simu ikalia. "Ishawaka?"

"Bado silinda hedi, mzee, na pampu. Njoo keshokutwa. Na ubebe oili mpya, ya mtungi uliofungwa, si ya kupimiwa kwa chupa."

"Hiyo ya kupimiwa," akauliza, "huko kwenu ni bei gani?"