Waliombeba Lazaro

Jumapili ya 26, Mwaka C wa masomo ya Misa. Usiku.

Injili ya leo ni ile ya tajiri na Lazaro, Luka 16: maskini mgonjwa analala mlangoni kwa tajiri, wote wawili wanakufa, Lazaro anakwenda kifuani kwa Ibrahimu na tajiri motoni. Padre akaelekea walikoelekea wengi kabla yake: maskini avumilie, kifua cha Ibrahimu kinamngoja. Nimetoka na kinyongo, na baada ya chakula nimeisoma upya mwenyewe.

Hakuna mstari unaosema Lazaro alivumilia, wala kwamba alikuwa mcha Mungu. Tunaambiwa vidonda, njaa na mbwa, basi. Umaskini wake hausifiwi. Ibrahimu anasema wazi kwamba aliyoyapata duniani yalikuwa mabaya. Na huyo Ibrahimu mwenyewe, ukisoma Mwanzo 13, alikuwa tajiri hasa wa mifugo, fedha na dhahabu. Kwa hiyo mali peke yake haimpeleki mtu motoni.

Nimekaa sana na jambo moja ambalo sijawahi kulisikia likihubiriwa. Lazaro hakufika mlangoni kwa tajiri kwa miguu yake, aliwekwa. Basi kuna watu walimbeba, pengine fukara wenzake, wakachagua mlango ule makusudi. Mwenye nyumba anakula karamu kila siku. Anavaa zambarau, rangi iliyotolewa kwa konokono wa baharini, ghali ajabu. Wakaona hapa mgonjwa wetu hakosi makombo. Mimi pia ningempeleka hapohapo.

Halafu, tajiri anamjua kwa jina! Hawezi kusema hakumwona. Akiwa katikati ya moto anataka Lazaro atumwe: alete maji, kisha atoke kwa wafu aende kuwaonya ndugu zake watano. Hasemi naye, hamwombi radhi, anamwagiza kupitia kwa Ibrahimu kama mtumishi wa ndani. Lazaro naye hatamki neno tangu mwanzo hadi mwisho wa hadithi. Hilo linaniudhi kidogo, nakiri. Ningependa kusikia angejibu nini.

Wale ndugu watano bado wako hai, na Ibrahimu anasema wanao Musa na manabii. Kumbukumbu la Torati 15 inaagiza wazi kumfumbulia maskini mkono. Hawahitaji mzimu.

Wiki hii ni zamu yangu kuongoza tafakari kwenye jumuiya. Nitaanza na wabebaji. Mzee wetu mwenyekiti atasema natoka nje ya somo, na akina mama watatu nyuma watataka tuendelee.