Kadi zinazotafutwa zaidi katika Prismatic Evolutions, na zile tunazozihitaji Mbeya

Toleo la Prismatic Evolutions la mchezo wa kadi wa Pokémon lilitoka tarehe 17 Januari 2025, na tangu hapo kila tunapokutana kucheza Jumapili mchana, katika chumba cha nyuma cha nyumba moja ya mtaa wa Forest hapa Mbeya, jina la Umbreon, mmoja wa viumbe wa mchezo huu, hutajwa kabla hata kadi hazijachanganywa. Nimeona vyema niandike kwa kirefu ni kadi zipi za toleo hili zinazotafutwa zaidi na kwa sababu gani, kwa kuwa naamini kwamba kadi inayogombaniwa na wakusanyaji wa Marekani si lazima iwe ndiyo kadi anayopaswa kuitafuta mchezaji wa Mbeya, na vijana wetu wengi hawajapata mtu wa kuwatenganishia mambo hayo mawili.

Toleo lenyewe limejengwa juu ya Eevee, kiumbe mdogo mwenye manyoya ambaye anaweza kubadilika na kuwa mmoja kati ya viumbe wanane: Vaporeon, Jolteon na Flareon waliokuwapo tangu michezo ya kwanza ya mwaka 1996, Espeon na Umbreon walioongezwa mwaka 1999, Leafeon na Glaceon wa mwaka 2006, na Sylveon wa mwaka 2013. Kadi za kawaida zinafikia namba 131, kisha zinafuata kadi 49 zilizovuka namba hiyo, ambazo hazitajwi katika hesabu iliyochapishwa chini ya kadi, na hivyo jumla inakuwa 180. Kati ya hizo 49, kadi 32 ni za daraja la picha maalumu, yaani zile ambazo mchoro umetandazwa kadi nzima hadi ukingoni na uso wake una mistari midogo iliyoinuka inayohisiwa kwa kidole. Viumbe wote wanane wa ukoo wa Eevee wamo katika daraja hilo, na hapo ndipo fujo yote ilipoanzia.

Umbreon ex yenye namba 161/131 ndiyo inayoongoza kwa mbali ("ex", kama "VMAX" ya zamani, ni alama ya kadi ya kiumbe mwenye nguvu kuliko wa kawaida). Katika siku za mwanzo bei yake huko Marekani ilipita dola 1,000, ambazo kwa viwango vya wakati huo ni takriban shilingi milioni 2.5, na hiyo ni kwa kadi moja tu isiyopimwa ubora wala kuwekewa kasha la ukaguzi. Asiyeufahamu mchezo huu anaweza kushangaa kwamba karatasi inaweza kufikia bei hiyo, lakini kuna historia nyuma yake. Katika toleo la Evolving Skies la Agosti 2021 kulikuwa na Umbreon VMAX yenye namba 215/203, inayomwonyesha kiumbe huyo mweusi akiinyoshea mwezi mkono, na kadi hiyo ikawa miongoni mwa kadi za kisasa zinazopendwa kuliko zote. Walioikosa wakati ule walikwisha kujiapiza kwamba hawatakosa nyingine. Umbreon mpya alipotangazwa, basi, wanunuzi wake walikuwa tayari wamejipanga, na wengi wao hawakuwa wakinunua mchezo bali walikuwa wakinunua kile walichokikosa miaka mitatu na ushee iliyopita.

Ongezea hapo uhaba. Pakiti za toleo hili hazikuuzwa katika yale maboksi ya kawaida yenye pakiti 36, bali zilifungwa ndani ya bidhaa maalumu pekee, na bidhaa hizo zilikwisha madukani haraka kiasi kwamba Kampuni ya Pokémon yenyewe ilikiri upungufu na kutangaza kwamba nyingine zinachapishwa. Kwa sisi tunaotegemea ndugu walioko Dar es Salaam au nje ya nchi, ambao hutukusanyia vitu na kututumia kifurushi kwa basi, uhaba wa huko hutufikia ukiwa umeongezeka, kwa sababu anayetuuzia naye ameuziwa na mtu aliyekwisha kuongeza faida yake.

Kijana mmoja wa chuo, ambaye ni mchezaji mzuri na mwenye akili ya hesabu, aliniuliza hivi karibuni: "Kaka, nikichanga fedha zangu zote za likizo nikanunua pakiti, si nitampata Umbreon?" Nilimjibu kwa kalamu na karatasi, na nitairudia hesabu hiyo hapa. Kampuni haichapishi uwezekano wa kupata kadi fulani katika matoleo ya Kiingereza, lakini wauzaji wakubwa waliofungua pakiti nyingi mno na kuzihesabu wanakadiria kwamba kadi ya picha maalumu hupatikana mara moja katika kila pakiti 45 hivi. Kwa kuwa kadi za daraja hilo ni 32, uwezekano wa kupata ile moja unayoitaka ni takriban mara moja katika pakiti 1,440. Hata pakiti ingepatikana kwa dola 5 tu, bei ambayo huku Mbeya hatujawahi kuiona, hizo ni dola 7,200 kwa kadi ambayo sokoni inauzwa kwa sehemu ndogo ya fedha hiyo. Wala wingi huo hauahidi chochote, kwa sababu kila pakiti inasimama peke yake na haikumbuki zile ulizokwisha kuzifungua. Mwenye kumtaka Umbreon kwa dhati na mwenye uwezo anunue kadi yenyewe ikiwa imekwisha kutoka kwenye pakiti.

Baada ya Umbreon, anayefuata kwa kutafutwa ni Sylveon ex, namba 156/131, halafu wengine wa ukoo huo wanapishana kulingana na mapenzi ya watu. Kwa macho yangu Sylveon ndiye mzuri kuliko wote, na ningeambiwa nichague kadi moja ya kuiweka ukutani ningechukua yeye. Zipo pia kadi zilizochapwa alama ya mpira wa Master Ball usoni, ambazo wakusanyaji wa kweli huzithamini sana, ila kwenye meza ya mchezo hazina tofauti yoyote na kadi za kawaida.

Hilo la mwisho ndilo linalonifanya niandike. Umbreon ex ya milioni mbili na nusu na Umbreon ex ya kawaida yenye namba 060/131 zina maneno yaleyale, uhai uleule na mashambulizi yaleyale. Shambulizi lake la Onyx, ambalo humwezesha mchezaji kuchukua kadi moja ya zawadi (anayemaliza kuchukua zake zote kwanza hushinda) baada ya kutupa nishati zote za kiumbe huyo, yaani kadi zinazolipia mashambulizi, ni zuri kulisoma, lakini linadai nishati za aina tatu tofauti, na kuzikusanya zote kwa wakati katika fungu la kadi 60 ni kazi ngumu ambayo mpinzani mwepesi hakupi nafasi ya kuimaliza.

Kadi ambayo imebadilisha mchezo kwa kweli ni Budew, namba 004/131. Ni chipukizi mdogo mwenye uhai wa 30 tu, anayeuawa na karibu kila shambulizi lililopo, na picha yake haitamkodolesha mtu macho. Hata hivyo shambulizi lake, linaloitwa Itchy Pollen, halihitaji nishati hata moja, linapunguza uhai wa mpinzani kwa 10, na linamzuia kutumia kadi za vifaa kutoka mkononi katika zamu yake inayofuata. Anayejua mchezo huu ataelewa mara moja uzito wa jambo hilo. Mafungu mengi ya siku hizi hutegemea kadi za vifaa ili kuvuta viumbe kutoka kwenye fungu, kubadilisha aliye mbele na kumkuza kiumbe wa msingi haraka, na mchezaji aliyenyimwa kadi hizo katika zamu zake za mwanzo hubaki ameshika mkono uliojaa kadi asizoweza kuzitumia. Kwa kuwa anayeanza mchezo haruhusiwi kushambulia katika zamu yake ya kwanza, anayefuata ndiye anayefaidika zaidi na Budew: anamweka mbele, anashambulia bila gharama, kisha anajenga benchi lake, yaani viumbe wanaosubiri nyuma, kwa utulivu huku mwenzake amefungwa.

Ukimweka Budew pamoja na Dragapult ex, ambaye naye amechapishwa tena katika toleo hili, unapata fungu linalotisha. Dragapult ana uhai wa 320, na shambulizi lake la Phantom Dive hutoa madhara 200 kwa aliye mbele na kugawa alama sita za madhara, kila moja ya 10, kwa walioko benchi, ila anahitaji muda kwa sababu hukua kwa hatua mbili. Muda huo Budew ndiye anayemnunulia. Nimewaona wachezaji wetu wa hapa, wasio na hata kadi moja ya kumfanya mkusanyaji ageuze shingo, wakimshinda mgeni aliyekuja na albamu nzito, kwa kutumia mpango huu na subira tu. Bei ya Budew ni ndogo kiasi kwamba ukikutana na mtu aliyefungua pakiti za kutosha anaweza kukupa bure.

Wanaosisitiza kununua kadi ghali wajihadhari na kadi bandia, ambazo zimeongezeka sana tangu toleo hili lianze kusifiwa. Kadi halali ina utando mwembamba wa rangi nyeusi katikati ya tabaka zake, unaoonekana kama uzi ukiitazama ukingoni, na ukimulika tochi ya simu nyuma yake mwanga hupita kwa shida. Kadi bandia mara nyingi hupitisha mwanga kwa urahisi, na ile inayojidai kuwa ya picha maalumu huwa laini kabisa mahali ambapo ukucha ungepaswa kukwaruza mistari. Muuzaji mmoja wa mtandaoni alinitumia picha nzuri za Sylveon, lakini nilipomwomba picha ya ukingo alinyamaza, na nikaachana naye.

Kuna jambo jingine ambalo waandishi wa huko nje hawaligusi kwa kuwa haliwahusu. Kadi hizi zinazong'aa zina utando wa kumetameta upande mmoja na karatasi upande wa pili. Karatasi hunyonya unyevu na utando haunyonyi, kwa hiyo kadi hupinda. Sisi wa nyanda za juu tunalijua hili vizuri. Masika kadi hujikunja upande mmoja, na ifikapo Juni na Julai, baridi kavu inapoingia, hujikunja upande wa pili. Mwenzetu anayeishi Tukuyu, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, huhifadhi kadi zake ndani ya bati la biskuti lenye vile vipakiti vya kukaushia unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, kila kadi ikiwa katika kifuko chake, na kadi zake zimenyooka kuliko za wengi wetu tulioko mjini. Kadi iliyopinda sana hutambulika hata ikiwa katikati ya fungu, na mwamuzi wa mashindano anaweza kuikataa.

Kifurushi chetu kinachofuata kinatarajiwa mwisho wa mwezi, na orodha niliyomtumia ndugu yangu aliyeko Dar es Salaam ina Budew wanane wa kugawana, Dragapult ex wawili wa kawaida pamoja na viumbe wanaomkuzia, na vifuko vya plastiki vya kutosha mafungu matatu. Pakiti sikuagiza. Nimemwomba pia, akikutana na mtu mwenye Sylveon ex halali anayekubali kulipwa kidogokidogo, aniulizie bei.