Siku yangu ya kutafuta presha ya maji, kutoka Raskazone hadi simu ya Uingereza

Saa 12 asubuhi nilikuwa nimekwisha kuswali na kupanga vifaa mfukoni: spana mbili, tepu ya nyuzi na testa ya umeme, pamoja na ndoo ya lita 10 ambayo mafundi wenzangu wengi hawaibebi. Mimi ni fundi bomba hapa Tanga, na ndoo hiyo ndiyo mizani yangu, kwa sababu mteja akisema presha ni ndogo bado sijajua kitu mpaka nione maji yanatoka kiasi gani kwa dakika.

Saa 2 nilipita Chumbageni kubadilisha mpira wa koki, kazi ya robo saa. Saa 3 nilikuwa Raskazone, kwa mama mmoja mtu mzima anayesumbuliwa na magoti, ambaye hata katika joto hili la kaskazi hawezi kuoga maji ya baridi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Maji ya moto yananitoka kama machozi. Mjukuu wangu ameshapata bei ya pampu, wewe njoo uifunge tu."

Nilimwomba anipe saa moja kabla hela haijatoka mfukoni. Pampu ni kifaa kizuri mahali pake, lakini ikifungwa penye kizuizi huuficha ugonjwa na kuyaongezea mzigo mabomba ambayo tayari ni ya zamani.

Bomba la baridi la bafuni liliijaza ndoo kwa dakika moja na nusu. La moto lilichukua dakika saba. Kipimo hicho peke yake kiliondoa nusu ya shaka. Tangi la nyumba hiyo limekaa juu ya mnara, kama mita 3 juu ya bomba la kuogea, na kwa kuwa kila mita ya kimo huleta takriban baa 0.1 (baa ni kipimo cha presha), presha yote ya bafuni ni kama baa 0.3. Ni ndogo, na ndiyo maana kizuizi chochote huonekana mara moja, lakini ni ile ile kwa maji ya baridi na ya moto, kwani hita inalishwa na tangi hilo hilo. Baridi ikitoka vizuri, tangi na bomba kuu havina kosa. Koki ya moto ya jikoni nayo ilikuwa dhaifu, kwa hiyo tatizo halikuwa bafuni pia. Lilibaki kwenye hita yenyewe au kwenye tawi linaloilisha.

Saa 4 nilizima umeme wa hita, nikahakikisha kwa testa, kisha nikafungua mpira unaoingiza maji chini yake. Kilichotoka upande wa tangi kilikuwa uzi mwembamba kama wa kushonea, ilhali geti valvu, ile koki ya kuzungusha inayofunga maji ya tawi hilo, ilizunguka mpaka mwisho na mkono ulihisi kwamba imefunguka kabisa. Nilifunga maji kwenye tangi na kuifungua valvu kichwa. Ulimi wake wa shaba ulikuwa umeachana na shina, umelala ndani ya kiti chake na kuzungukwa na ukoko mweupe mgumu, na maji yalikuwa yakijipenyeza ubavuni tu. Nyumba hiyo hutumia pia maji ya kisima, na aliyewahi kuingia mapango ya Amboni anajua chokaa na maji vinavyofanya kazi pamoja katika ardhi yetu.

Kwenye maduka ya Ngamiani nilinunua koki ya mkono, ile inayofunguka kwa robo mzunguko, pamoja na valvu mpya ya usalama, kwa kuwa ya zamani, inayopaswa kuachia presha ikifika baa 8, ilikuwa imeganda kwa chokaa hiyo hiyo. Nasema hili kwa moyo wote: valvu ya usalama ya hita haizibwi kamwe, hata kama inadondosha maji na kukera.

Saa 7 niliijaza hita huku koki ya moto ikiwa wazi, mpaka maji yakatoka bila kukohoa hewa, ndipo nikawasha umeme, kwa sababu elementi, yaani chuma kinachopasha maji, ikiwaka bila maji huungua. Ndoo ilijaa kwa chini ya dakika mbili. Mama aliweka mkono chini ya maji akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nisiondoke bila kula.

Saa 11 jioni, kwao ikiwa saa 8 mchana, mtoto wa dada yangu alinipigia kutoka Uingereza. "Mjomba, boila yetu ya kupasha nyumba joto inashuka chini ya baa 0.5 kila baada ya siku mbili. Naongeza maji, inashuka tena." Nilimwambia aache kuongeza kila mara, kwani mfumo ule ni mduara uliofungwa na haupaswi kupoteza maji, na kila maji mapya huingiza oksijeni inayoleta kutu kwenye radieta, yale mabati ya ukutani yanayotoa joto. Aiache ipoe, aandike namba ya geji ya presha, aiwashe, aitazame tena, kisha akaangalie bomba dogo la shaba linalotokeza nje ya ukuta.

Saa 2 usiku alijibu: ikiwa baridi ilisoma baa 1.2, ilipopata moto ikakaribia 3, na bomba la nje lilikuwa likidondosha. Maji yakipata moto hupanuka, na kuna chombo chenye hewa kilichowekwa kuupokea upanuzi huo. Hewa yake ikiisha, presha hupanda mpaka valvu inayofunguka kwenye baa 3 itoe maji nje, na mfumo ukipoa sindano ya geji huanguka. Nilimkataza asifungue kifuniko cha boila, kwani kule kazi ya gesi ni ya fundi aliyesajiliwa, nikamwandikia cha kumwambia fundi huyo: apime kwanza hewa ya chombo cha upanuzi, kisha valvu ya usalama, ndipo ajaze maji.